Majina juu ya utafiti: wanawake wako nafasi ya ngapi?

Kila usomapo gazetini kwamba "wataalamu wamegundua" jambo fulani kuhusu malaria, nimonia au shinikizo la damu, jua ya kuwa habari hiyo imechotwa katika makala ya kitaalamu yaliyochapishwa na jarida la utabibu. Juu ya makala hayo, chini ya kichwa, pana safu ya majina. Sisi wa magazeti huyaruka majina hayo, tukamtaja mtu mmoja tu, nawe ukabaki ukidhani kwamba huyo ndiye aliyefanya kazi yote. Juma hili tutajifunza kuisoma safu hiyo. Mpangilio wake hueleza mambo ambayo makala yenyewe hayasemi, na mojawapo ni nafasi waliyopewa wanawake katika kazi ya kutafuta tiba.

KAMASI ZA MATSANGONI

Tuanze na mfano wa hapa pwani. Matsangoni iko kando ya barabara kuu itokayo Kilifi kwenda Malindi. Imo ndani ya eneo ambalo, tangu mwaka 2000, Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, KEMRI, ikishirikiana na shirika la Wellcome Trust la Uingereza, imekuwa ikiandikisha kila anayezaliwa, kila anayefariki na kila anayehama. Eneo hilo lina ukubwa wa kilomita mraba 891 na watu zaidi ya robo milioni. Wakazi wake wamezoea kupigiwa hodi na watu wenye fomu.

Kuanzia Desemba 2009 hadi katikati ya 2010, kaya 47 za upande wa kaskazini wa eneo hilo, huko Matsangoni na ujirani wake, zilikubali jambo lisilo dogo. Mara mbili kila juma wafanyakazi wa utafiti walifika nyumbani, wakachukua kamasi puani mwa kila mtu, mkubwa kwa mdogo, awe mgonjwa au mzima. Kazi iliendelea kwa miezi sita, na sampuli zilizokusanywa zilikaribia 17,000. Kilichokuwa kikitafutwa ni kirusi kiitwacho RSV. Mtu mzima akikipata hudhani ana mafua ya kawaida, lakini mtoto mchanga humbana kifua hata akalazwa. Swali lilikuwa hili: mtoto mchanga ambaye bado hatoki nyumbani, huambukizwa na nani?

Jibu lilichapishwa mwaka 2014. Zaidi ya nusu ya maambukizi ya watoto wachanga yalitoka ndani ya nyumba zao wenyewe, na mara nyingi aliyeyaleta ni kaka au dada mkubwa, hasa yule anayekwenda shule. Hilo ni jibu la maana sana, kwani linawaonyesha wenye kutengeneza chanjo ni nani wa kukingwa ili mchanga asalimike.

Sasa mwulize mtu yeyote aliyepata kulea: kazi ya kumshika mtoto wa miezi minne asirushe kichwa wakati kijiti cha pamba kinapoingizwa puani, mara mbili kwa juma kwa miezi sita, huwa ni ya nani? Mara nyingi ni ya mama, na mama akienda shamba au sokoni, ni ya nyanya au shangazi. Bila subira ya wanawake hao sampuli 17,000 zisingepatikana.

Tuyatazame majina. Makala yale yana waandishi saba. Wa kwanza ni Patrick Munywoki na wa mwisho ni James Nokes, na wote wawili ni wanaume. Dorothy Koech ni wa pili. Patricia Cane, kutoka Uingereza, ni wa tano. Hatusemi kwamba waliotajwa kwanza na mwisho hawakustahili, la hasha; kazi yao inasomwa ulimwengu mzima. Tunachotaka uone ni umbo la safu yenyewe: wanaume wameshika ncha zote mbili, wanawake wako kati. Umbo hilo utalikuta tena na tena, kutoka Kilifi hadi London.

NAHODHA, MWENYE CHOMBO NA MABAHARIA

Katika fani nyingine, kama vile hisabati, majina ya waandishi hupangwa kwa alfabeti, na nafasi haina maana yoyote. Katika utabibu sivyo. Hapo nafasi ina uzito kuliko jina.

Fikiria jahazi. Mwandishi wa kwanza ndiye nahodha: ndiye aliyekaa usiku na hesabu, akaandika rasimu, akajibu maswali ya wakaguzi wa jarida. Mara nyingi ni mtu aliye katika masomo ya uzamifu, au daktari anayeanza kujenga jina. Mwandishi wa mwisho ndiye mwenye chombo: ndiye aliyeomba fedha, ndiye mwenye maabara, na ndiye aliyemchagua nahodha. Walio katikati ni mabaharia, kila mmoja na kamba yake. Huyu alipima damu, yule alichora ramani, mwingine alikagua takwimu.

Kisha wapo waliolisukuma jahazi kutoka mchangani hadi majini. Hao hawamo kabisa katika safu.

Mtaalamu aombapo kupandishwa cheo chuoni, au aombapo fedha za utafiti mwingine, wakubwa huhesabu ni mara ngapi alikuwa wa kwanza na mara ngapi alikuwa wa mwisho. Ukiwa katikati mara thelathini, huenda usitoshe kitu mbele ya mwenzako aliyekuwa wa kwanza mara tano. Anayepata fedha ndiye achaguaye swali la utafiti ujao. Kwa hiyo nafasi ya jina katika makala ya mwaka huu huamua ni ugonjwa gani utakaochunguzwa baada ya miaka mitano, na ni nani atakayeuchunguza.

HESABU ZINASEMAJE?

Mwaka 2006 daktari wa Marekani, Reshma Jagsi, na wenzake walichapisha hesabu ya miaka 35 kutoka majarida sita mashuhuri, wakiwatazama madaktari wa nchi yao. Mwaka 1970, wanawake walikuwa asilimia 5.9 tu ya waandishi wa kwanza. Kufikia 2004 walikuwa wamefika asilimia 29.3. Katika nafasi ya mwisho, ile ya mwenye chombo, walitoka asilimia 3.7 wakafika 19.3.

Kilichotuvutia zaidi ni tofauti kati ya fani na fani. Katika magonjwa ya watoto, wanawake walikuwa asilimia 15 ya waandishi wa kwanza mwaka 1970, wakawa asilimia 38.9 mwaka 2004. Na katika nafasi ya mwisho waliruka kutoka asilimia 4.3 hadi 38. Katika uzazi na magonjwa ya wanawake walipanda kutoka asilimia 6.7 ya waandishi wa kwanza hadi 40.7. Lakini katika upasuaji walitoka asilimia 2.3 wakaishia 16.7, na nafasi ya mwisho ilikuwa asilimia 6.7 tu. Yaani kwa kila makala 15 ya upasuaji, moja tu ndilo lililokuwa na mwanamke mwenye chombo.

Hesabu nyingine, ya mwaka 2016, iliyatazama majarida makubwa ya tiba kwa jumla. Iligundua ya kuwa wanawake waandishi wa kwanza walipanda kutoka asilimia 27 mwaka 1994 hadi asilimia 37 mwaka 2014. Hata hivyo kupanda huko hakukuwa kwa mfululizo: katika miaka ya mwisho mwendo ulikwama, na katika baadhi ya majarida ukarudi nyuma. Wale wasemao "subirini tu, mambo yatajipanga yenyewe" wanapaswa kuitazama hesabu hiyo mara mbili.

Je, Afrika Mashariki? Kwa upande wa upasuaji huhitaji hata kuhesabu makala, kwani kuwahesabu madaktari wenyewe kunatosha. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu nchi za Afrika ya mashariki, kati na kusini zilizo chini ya chuo cha madaktari wapasuaji kiitwacho COSECSA, ulikuta wapasuaji 1,690, na wanawake walikuwa asilimia 9 tu. Asilimia 64 ya wapasuaji wote walikuwa katika mji mkuu wa biashara wa nchi yao. Mwanamke wa kijijini mwenye uvimbe titini, au mwenye fistula baada ya uzazi mgumu, uwezekano wake wa kutibiwa na mpasuaji wa kike ulikuwa mdogo mno, na uwezekano wa ugonjwa wake kuandikwa na mpasuaji wa kike ulikuwa mdogo zaidi.

KADZO AKIWA HERUFI MOJA

Hapa inafaa tusimame kidogo, maana hesabu hizi zina mtego wake.

Majarida mengi, yanapotaja kazi za wengine, huandika jina la mwisho na herufi za mwanzo za majina mengine, basi. Chukua makala mashuhuri ya mwaka 1996 kuhusu vyandarua vilivyotiwa dawa, utafiti uliofanyika Kilifi na kuonyesha kwamba vifo vya watoto vilipungua kwa asilimia 33, na waliolazwa kwa malaria kali wakapungua kwa asilimia 44. Waandishi wake hutajwa hivi: Nevill CG, Some ES, Mung'ala VO, na kuendelea, hadi wanane. Ni nani mwanamume na ni nani mwanamke? Kwa herufi peke yake huwezi kujua.

Wenye kuhesabu huko Ulaya na Marekani hutumia kompyuta iliyofunzwa majina. Kompyuta hiyo inajua ya kuwa Mary ni mwanamke na John ni mwanamume. Lakini mpe Kadzo, Dama, Kache, Sidi na Nyevu, au Katana, Karisa, Kahindi na Kazungu. Mtoto yeyote wa Matsangoni atakutengea mafungu mawili bila kukosea, kabla chai haijapoa. Kompyuta itayaweka wengi wao katika fungu la "hajulikani", kisha fungu hilo likatupwa nje ya hesabu. Tena, binti wa Kigiriama aliyekwenda shule huenda akaandikwa kwa jina la baba yake, Charo au Ngala, hata anayelisoma jina lake akiwa mbali akamdhani mwanamume. Basi ukiona takwimu za ulimwengu mzima kuhusu waandishi wanawake, kumbuka ya kuwa dada zetu ni miongoni mwa walio rahisi kupotea ndani yake.

ANAYESUKUMA JAHAZI

Ni nani aruhusiwaye kuitwa mwandishi? Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya utabibu, iliyoanza kwa mkutano mdogo mjini Vancouver mwaka 1978, imeweka masharti manne. Kwanza, uwe umechangia kwa kiasi kikubwa katika kubuni utafiti, au katika kupata, kuchambua au kufasiri matokeo yake. Pili, uwe umeandika makala au kuyasahihisha kwa kina. Tatu, uwe umeyakubali kabla hayajachapishwa. Nne, uwe tayari kuyajibia. Lazima utimize yote manne. Aliyekusanya sampuli tu, basi, jina lake huwekwa mwishoni katika maneno ya shukrani, au haliwekwi.

Masharti haya si mabaya. Yaliwekwa ili wakubwa wasibandike majina yao juu ya jasho la wengine. Lakini kamati hiyo hiyo inasema jambo ambalo wengi hulisahau: kila aliyetimiza sharti la kwanza apewe nafasi ya kushiriki katika hayo mengine. Maana yake ni kwamba huwezi kumnyima mtu rasimu, kisha ukamwambia hakustahili kuwa mwandishi kwa kuwa hakuisoma rasimu. Mhudumu wa nyanjani aliyetembea na jua la Januari kutoka boma hadi boma, akajua ni mama gani atakayekubali na ni kwa nini yule mwingine anakataa, ana maarifa ambayo daktari wa maabara hana. Ni mara ngapi huitwa mezani?

Kuhusu hao wahudumu wa nyanjani, yupo mwanamke wa Kilifi aliyeona kwamba wao wenyewe wanafaa kuchunguzwa. Dkt. Dorcas Kamuya alichapisha mwaka 2013 makala kuhusu yaliyowapata wafanyakazi wa nyanjani katika utafiti mfupi uliofanyiwa vijijini: jinsi kuzoeana na wenyeji kunavyogeuka urafiki, na jinsi urafiki unavyozaa mtihani, kama vile kuombwa msaada na jamaa ambayo leo imekupa kiti na kesho utaihitaji ikupe damu ya mtoto. Wa kwanza katika safu ni Kamuya, wa mwisho ni Sassy Molyneux, mwanamke pia. Majina ya Munywoki na Koech, tuliowataja hapo juu, nayo yamo. Swali la makala hayo si kirusi wala mbu, ni watu. Ni swali ambalo laweza kupita miaka mingi bila kuulizwa, kama wenye kuuliza ni wale wasiopiga hodi.

WALIPOSHIKA USUKANI

Yafuatayo ni mambo mawili yaliyotokea kwetu Afrika Mashariki, ambayo kila mzazi angefaa kuyajua.

La kwanza lilikuwa Nairobi. Katika miaka ya tisini ilikwisha kujulikana ya kuwa mama mwenye virusi vya Ukimwi aweza kumwambukiza mtoto kwa maziwa, lakini hakuna aliyekuwa na kipimo cha hakika. Utafiti ulioongozwa na Dkt. Ruth Nduati wa Chuo Kikuu cha Nairobi uliwashirikisha wanawake 425 wenye virusi, wengine wakanyonyesha na wengine wakatumia maziwa ya kopo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Kufikia umri wa miaka miwili, waliokuwa wameambukizwa ni asilimia 36.7 katika kundi la kunyonyesha, na asilimia 20.5 katika kundi la kopo. Tazama safu: wa kwanza Ruth Nduati, akafuatwa na Grace John, Dorothy Mbori-Ngacha, Barbra Richardson na Julie Overbaugh, na wa mwisho ni Joan Kreiss. Ncha zote mbili zimeshikwa na wanawake, na Mkenya ndiye nahodha.

(Tahadhari kwa akina mama: ushauri wa leo si wa mwaka 2000. Siku hizi mama mwenye virusi anayetumia dawa zake barabara hushauriwa kumnyonyesha mtoto maziwa yake peke yake kwa miezi sita, kisha aendelee kunyonyesha huku akimpa vyakula vingine. Ukiwa na shaka, mwulize muuguzi wa kliniki yako.)

La pili lilihusu watoto wanaofikishwa hospitalini wakiwa na homa kali na mwili umepoa mikono na miguu kwa sababu damu haizunguki vyema. Vitabu vya tiba vilifundisha wapewe maji mengi kwa haraka kupitia mshipa. Jambo hilo lilionekana la wazi kiasi kwamba kulitilia shaka kulikuwa kama kutilia shaka uji. Profesa Kathryn Maitland, Mwingereza aliyefanya kazi Kilifi kwa miaka mingi, alilipima kwa watoto 3,141 katika hospitali za Kenya, Tanzania na Uganda kuanzia 2009. Ikaonekana kinyume. Katika saa 48 za mwanzo, kati ya waliopewa maji ya haraka, karibu 11 katika kila 100 walifariki, na kati ya wasiopewa ni karibu 7. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake, na matokeo yakatolewa 2011. Katika safu ya majina 18, wa kwanza ni Maitland, wa pili ni Sarah Kiguli wa Makerere, na wa mwisho ni Diana Gibb.

Je, mwanamume asingeweza kufanya kazi hizo? Angeweza, na wanaume wengi wamo katika safu zote mbili. Hatudai kwamba mwanamke huona kwa jicho la tatu. Ila upo uchunguzi mmoja wa mwaka 2019 uliopitia makala zaidi ya milioni 11 ya miaka 1980 hadi 2016, na ukakuta ya kuwa makala yenye mwanamke katika nafasi ya kwanza na ya mwisho yalielekea zaidi kueleza kama matokeo yalihusu wanaume, wanawake au wote. Wewe umezapo kidonge, bila shaka ungependa kujua kama kilijaribiwa kwa mwili unaofanana na wako.

MWANAMKE GANI?

Hapa ndipo, kwa maoni yetu, wengi wanaoandika juu ya jambo hili hukosea. Huhesabu wanawake, wakafika nusu, wakafurahi. Ukiangalia vyema unaweza kukuta ya kuwa nusu hiyo yote imetoka Ulaya na Marekani, na mwanamke wa nchi iliyotoa damu hayumo, au yumo wa sita.

Mwaka 2019 wataalamu walitoa hesabu ya makala 7,100 ya utafiti wa afya uliofanyiwa Afrika kwa ushirikiano wa nchi mbalimbali. Waandishi waliotoka nchi yenyewe iliyochunguzwa walikuwa asilimia 54. Zaidi ya makala 13 katika kila 100 hayakuwa na hata mwenyeji mmoja. Watafiti wa namna hiyo walikuja kama mwewe, wakachukua kifaranga wakapaa. Na wakati mshirika alipotoka katika vyuo vikubwa sana vya Marekani, nafasi ya kwanza ya mwenyeji ilipungua zaidi. Kwa binti wa hapa, basi, milango ni miwili: mmoja una ufunguo wa uanaume na mwingine una ufunguo wa ugeni.

Wapo waliopita yote miwili. Profesa Faith Osier, Mkenya aliyefanya utafiti Kilifi kuhusu kinga ya malaria, alipata kuwa rais wa muungano wa kimataifa wa vyama vya wataalamu wa kinga ya mwili kuanzia 2019 hadi 2022, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Lakini mtu mmoja aliyeruka ukuta si sababu ya kusema ukuta ni mfupi.

Ukuta wenyewe una matofali ya kawaida kabisa. Uzamifu huchukua miaka mitatu hadi mitano, na mara nyingi huangukia umri ule ule wa kuzaa. Sheria ya ajira ya Kenya ya mwaka 2007 humpa mama miezi mitatu ya likizo yenye malipo, lakini fedha za mradi zina tarehe ya mwisho ambayo haijui habari za uzazi. Uzito huo ulionekana wazi mwaka 2020. Korona ilipofunga shule, watu walibaki majumbani, na uchambuzi wa makala ya utabibu kuhusu ugonjwa huo ulionyesha kwamba wanawake waandishi wa kwanza walikuwa pungufu kwa takriban asilimia 19 kuliko katika majarida yale yale mwaka uliotangulia. Ugonjwa ulikuwa mmoja kwa wote, lakini aliyekuwa akipika, akifundisha watoto mezani na kumwuguza mkwe hakuwa na saa ya kushika kalamu.

UKIPIGIWA HODI

Msomaji unayeishi mjini huenda ukadhani haya ni ya wanavijiji na maprofesa. Sivyo. Ukimpeleka mtoto katika hospitali kubwa yoyote, siku moja utaombwa kutia sahihi fomu ya ridhaa. Una haki ya kuuliza kabla ya kutia sahihi, na hakuna atakayemnyima mwanao matibabu kwa sababu umeuliza, wala kwa sababu umekataa. Watu wengi huuliza juu ya damu tu: itatolewa kiasi gani, itapelekwa wapi. Ongeza mawili. Uliza ni nani atakayeandika matokeo, na kama katika hao yupo wa nchi hii, mwanamume kwa mwanamke. Uliza pia ni lini matokeo hayo yatarudishwa kwako kwa lugha unayoielewa.

Nawe mwalimu au mzazi mwenye binti apendaye sayansi, mtafutie makala moja ya utabibu yaliyoandikwa juu ya wilaya anayoijua. Msome naye majina kabla ya kusoma matokeo. Aanze na la kwanza, aruke hadi la mwisho, kisha arudi katikati, halafu ateremke hadi chini kabisa penye shukrani. Akipata herufi tupu, atafute jina kamili.

Akitaka ya Matsangoni, yako. Mwaka 2018 yalichapishwa makala kuhusu virusi vya njia ya hewa kwa wagonjwa wanaotibiwa na kurudi nyumbani katika vituo tisa vya afya vya eneo lile lile la Kilifi, na Matsangoni ni kimojawapo. Waandishi ni wanane. Munywoki, aliyekuwa wa kwanza mwaka 2014, safari hii ni wa pili. Wa kwanza ni Joyce Nyiro, mwanamke. Wa mwisho ni yule yule wa 2014, James Nokes.